Tundu la Spoki

Nilikuwa nazichoma, si kwa moto.
Spoki ya baiskeli, nimeikunja kitako
ikasimama mezani, kando ya cherehani,
na kila risiti iliyoingia dukani
niliitoboa kifua, ikakaa.
Miaka tisa ya mshikaki wa karatasi,
Ilala, nyuma ya soko,
dirisha likitazama jua la asubuhi.

Mwezi wa tatu jokofu likazima,
na barafu zangu za ukwaju zikawa maji ya ukwaju.
Nikasema hewala, dhamana ipo, miaka miwili.
Nikaichomoa risiti, nikaitia kwenye pochi,
nikaenda Kariakoo kifua mbele.
Bwana Faki akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma,
akainyanyua kwenye taa kama noti ya mashaka.
"Bibi," akasema kwa adabu, "hapa pameandikwa nini?"

Peupe.
Kumbe ile mashine haina wino.
Joto ndilo liliandika,
na jua la dirishani likafuta,
nami miaka yote nalinda weupe.

Semeni, anayejifunza kushona kwangu,
akacheka, kisha akaona sicheki.
Zima feni, akasema. Nyoosha karatasi.
Usijitie kivuli mwenyewe.
Tukapiga picha Jumapili mbili,
yeye akizipanga humo simuni:
Vitambaa. Uzi na vifungo. Umeme. Pango. Serikali.
Mimi nikaongeza folda moja, Sijui,
na hiyo ndiyo iliyonenepa kuliko zote.

Na kila picha ina tundu.
Hapa spoki imekula siku, imebaki mwezi na mwaka.
Hapa imekula jicho la tarakimu:
ilikuwa thelathini elfu, au themanini?
Semeni akaivuta kwa vidole viwili aione vizuri.
Tarakimu ikakua.
Tundu nalo likakua.

Nikamuuliza, na simu ikiibwa je?
Zipo juu, akasema, kwenye wingu.
Mwanangu, mawingu ya Dar nayajua,
yakichoka kubeba hushusha yote Jangwani.
Akasema hili si wingu la mvua.
Nikanyamaza. Ndivyo mtu anavyokubali
jambo ambalo hajalielewa.

Chini kabisa, karibu na kitako cha spoki,
ikatoka ndogo ya njano, ya mkono,
wino wa kalamu, haijapauka hata herufi:
bafta nyeupe, mita kumi.
Hapana jina la mteja.
"Vitambaa?" akauliza Semeni.
Nikasema vitambaa.
Tarehe yake sihitaji simu kuijua.

Usiku, duka limefungwa, nikaihamisha.
Nikaifungulia folda ya peke yake,
nikataka isiwe na jina.
Simu ikakataa. Andika jina, ikasema,
andika jina, mara tatu.
Nikaweka nukta.
Ikaridhika.

Ankara kubwa kubwa nimempa muuza karanga,
azisokote ziwe bahasha za mia mia.
Juzi nimenunua kwake,
nikala huku nasoma nyuma ya karanga
bei ya zipu za mwaka juzi.
Bei ilikuwa nafuu. Nikakunja, nikatupa,
ile nyingine ninayo.

Jokofu nimelilipia mwenyewe fundi.
Risiti ikatoka mashineni ina uvuguvugu,
nikaipiga picha palepale kaunta
kabla haijapoa,
na walio nyuma yangu wakisonya kwenye foleni.

Spoki sikuitupa.
Nimeinyoosha, nikaikunja ncha kidogo tu,
inavuta lastiki kiunoni mwa sketi za shule.
Inaingia upande huu gizani,
inatoka upande wa pili
na haijatoboa kitu.