Eleza kwa Ufupi

Fomu imeacha mistari minne, Mwalimu Mkuu,
na juu yake: "Sababu za ombi. Eleza kwa ufupi."
Mimi si mtu wa ufupi.
Mimi ni mtu wa kofia: tundu kwa tundu, uzi kwa uzi,
miezi mitatu kichwa kimoja.
Anayeandika ni Nyevu, jirani yangu hapa Guraya;
mimi nasema, yeye aandika.
Kwa nini hivyo, utaona mbele ukistahamili.

Mtoto ni Badawi, gredi ya sita.
Mpe redio iliyokufa Ijumaa,
Jumapili itakusomea taarifa ya habari.
Mpe ukurasa, ukurasa utamzima yeye.
Herufi, asema, hazikai:
"Ni kama viluwiluwi pipani, mama,
nikimshika huyu, wale wamehama."
Jumanne moja alisimamishwa asome,
na baba wa kitabuni akageuka dada,
dada akanyoa ndevu mbele ya darasa zima.
Walicheka hadi kengele.
Naye alicheka, akawashinda wote.
Tangu hapo kila Jumanne tumbo lamuuma.

Kwenye ripoti mmeandika mzembe.
Muhula uliofuata, mzembe tena,
wino tofauti.

Basi nikampeleka kwenye tathmini.
Benchi, feni inayolia, watoto kumi na mmoja mbele yetu,
na Bi. Nzingo na kadi zake za picha.
Akamuuliza: mstari wakupotea ukisoma?
Kulia na kushoto wachanganya?
Wakariri ulichosikia ili wasikujue?
Alimuuliza mwanangu.
Mimi nikawa najibu kimoyomoyo.
Ndiyo. Ndiyo.
Ndiyo, wallahi.

Mwaka wa themanini na saba,
skuli yenu hii hii, dirisha la tatu,
mwalimu alinishika sikio
akawaambia wenzangu: Zubeda huyu hana kichwa.
Nikatoka. Tangu siku hiyo
nashonea vichwa vya watu.

"Si ugonjwa," akasema Bi. Nzingo, "wala si uvivu,"
akaliandika jina lake: disleksia.
Jamani, ni nani aliyewachagulia wasioweza kusoma
neno gumu namna hii?

Alhamisi uliniambia: tumhurumie vipi mmoja,
wenzake wakalalamika?
Nikarudi nyumbani, nikamwomba Nyevu anisomee Katiba,
kifungu cha hamsini na nne. Mara mbili.
Nililisubiri neno huruma
kama mtu anayesubiri jina lake kliniki.
Halikuitwa.
Iliitwa heshima. Ikaitwa haki. Ikaitwa elimu.

Na hao wenzake,
njoo kibarazani uone uzi ninaopimia.
Kichwa cha Mzee Shalo si kichwa cha mjukuuwe;
Ijumaa wote wawili wanapita wamevaa,
na sijasikia mtu akidai kapunjwa kitambaa.

Ombi lenyewe ni hili:
nusu saa ya ziada kwenye mtihani,
na mtu wa kumsomea maswali.
Majibu anayo. Majibu hatuombi.

Mistari minne iliisha zamani.
Nyevu amezunguka pembeni ya karatasi,
sasa yuko nyuma, karibu na pa kupigia muhuri,
na mkono wamuuma, asema nimalize.
Imebaki sahihi ya mzazi.
Hiyo niachieni. Nyevu, leta kalamu.

Ze.
U.
De,
la, si de,
hebu ngojeni.
Nipeni muda.