Daftari la Pili

Saa kumi na moja alfajiri, Marikiti.
Lori halijazimwa, dalali kashapanda,
kaibonyeza nyanya yangu kwa kidole gumba
kama anayetafuta jipu.
"Elfu moja mia nane kreti, mama. Soko limelala."
Soko limelala?
Mimi ndiye sijalala.

Zamani ningesema, haya, shusha.
Nilikuwa mkulima hodari: mvua niliijua,
ukungu niliunusa kabla haujashika jani,
na kila mche pale Kamulu ulikuwa na siku yake
katika daftari la kwanza, lenye tope jaladani.
Hadi mwaka nilipouza kuliko miaka yote
nikafunga msimu na deni.
Ndipo nikanunua la pili.

La pili halina tope. Lina dizeli.
Lina maji ya bauza, maana kisima chetu ni chumvi tupu,
lina dawa, kamba, hema la nailoni lililopasuka Agosti,
lina Makokha, kila Jumamosi, bila kukosa.
Lina chai ya askari wa kanjo:
nimeandika "chai", ila bei si ya chai.
Yote nikayagawa kwa kreti arobaini:
elfu moja mia tisa na hamsini.

Basi namwambia dalali, wala si kwa hasira,
"Mia na hamsini mara arobaini ni elfu sita.
Nikulipe elfu sita ndiyo unichukulie nyanya?"
Anacheka. Anaruka chini. Anapanda lori la jirani.

Mwezi jana nilijaribu duka kubwa la Westlands.
Kijana mwenye kadi shingoni
alipima kila nyanya kwa kibao chenye tundu.
Akachukua kreti ishirini na tatu, akanipa karatasi:
malipo baada ya siku tisini.
Nikaipeleka benki. Bi Jerotich akaisoma mara mbili,
akaomba hati ya shamba.
Hati ina jina la shemeji.
Jembe, lina langu.

Zile kumi na saba zilizokataliwa,
zenye makovu, zenye mapaja kama ya maboga,
nilizishusha Burma, kwa wachoma nyama.
Kachumbari haiulizi umbo.
Walilipa palepale, simu ikalia kabla sijafunga turubai.

Kwa hiyo leo, "Makokha, geuza lori."

Kufikia saa sita mchana, thelathini na moja zimeondoka
kwa elfu mbili mia sita.
Tisa zimebaki, jua limezikalia,
na harufu yake imeanza kuwa tamu mno.
Nimeketi kwenye kreti tupu, nahesabu, nahesabu tena:
gharama zote zimerudi,
juu yake elfu mbili mia sita.
Miezi mitatu na nusu. Faida, kreti moja.

Makokha anachungulia begani,
kidole chake kinashuka na safu,
mbegu, mbolea, dizeli, Makokha, chai.
"Na wewe, Mama Syombua," anasema,
"umejiandika wapi?"

Nafungua ukurasa mpya.
Naandika jina langu, lote, hadi la baba.
Upande wa bei kalamu inasimama,
inasimama,
na mteja yuko pale, ananyoosha mkono
kwenye zile tisa:
"Hizi laini, mama, unaziachia ngapi?"