Pete

Mwalimu Cirhakarhula hakuwa na kamera.
Alikuwa na penseli mbili, moja ya buluu, moja nyekundu,
na wembe wa kuzichonga.
Jicho la kushoto kwenye hadubini, la kulia kwenye daftari,
mkono ukitembea peke yake kama siafu aliyekwisha jua njia.
"Chora," alituambia. "Usichokichora hujakiona."
Nilichora miaka tisa.

Leo niko Kadutu, juu ya ngazi za udongo,
labo ya chumba kimoja, mlango unafungwa kwa msumari.
Umeme umeondoka tangu juzi na haukuaga.
Nimegeuza kioo cha hadubini kielekee dirisha,
nalichota jua la Bukavu kwa kijiko,
maana mawingu ya ziwani hayaniulizi nina wagonjwa wangapi.
Foni nimeifunga kwenye lenzi
kwa kipande cha boksi la sabuni na mpira wa baiskeli.
Jicho lake limepasuka pembeni. Linaona.

Damu ya leo ni ya Ashuza, miaka minne,
homa ya siku sita.
Tone la mafuta. Nazungusha gurudumu upana wa unywele,
na damu inapanda kutoka ukunguni,
chembe kwa chembe, kama sahani zilizoanikwa.
Na juu ya hizo, madoa.
Meusi, mengi, yamesongamana.
Nilitafuta jina lake katika madaftari yote ya kichwa changu,
sikulipata.
Penseli ingefanya nini hapa?
Penseli huchora inachokijua.

Nikapiga picha.

Mama yake, M'Lushombo, alikuwa amesimama mlangoni,
kitenge kikichuruzika mvua.
"Hiyo foto ni ya mtoto wangu?"
"Ni ya damu yake, mama. Jina sikuandika."
"Na inaenda wapi?"
"Lubumbashi. Kuna daktari kule, Kapinga, anasoma damu."
Akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyelala.
"Yeye mwenyewe hajafika hata Goma."

Mega zilikuwa zimebaki chache.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
kama kuku anayetafuta pa kutagia.
Barabara ya kwenda huko ingenila mwezi,
kama ingeniachia viatu.
Picha ilikula dakika kumi na moja,
ikapita juu ya misitu, migodi, vizuizi,
bila kuulizwa kitambulisho, bila kutoa franga.

Jibu likaja:
"Madoa hayo si ya mtoto, ni yako.
Rangi imeganda. Ichuje kwa karatasi, paka upya."
Nikaona haya hadi masikioni.
Kisha mstari wa pili:
"Lakini kuza kona ya chini, kushoto.
Ile chembe iliyo peke yake."

Nikakuza kwa vidole viwili.

Pete.
Nyembamba, ya buluu, na kito kimoja chekundu.
Malaria, imekaa kimya kando ya uchafu wangu,
mahali jicho langu lilipita mara tatu bila kubisha hodi.
Foni nayo haikuijua. Ila foni haichagui:
huchukua hata usichokijua, hukuwekea,
mpaka apatikane anayekijua.

Nikachuja rangi. Nikapaka upya. Nikangoja jua litoke.
Safari hii pete tatu, nne, kumi,
mwanga mweupe kati yake, hakuna doa.
Nikazituma nazo. Kapinga akajibu neno moja: "Haya."
Kisha nikatoa daftari la zamani,
buluu, nyekundu,
nikachora moja, niwe nimeiona.

M'Lushombo akainama juu ya foni, mtoto mgongoni,
akatazama muda mrefu kuliko nilivyotazama mimi.
"Kumbe ndiyo hii?
Inafanana na ile niliyouza Nyawera,
mwezi uliopita, kwa ajili ya shule ya mkubwa wake."

Sikujibu.
Nilikuwa nahesabu vidonge.