Jora Moja

Mwezi wa mabibo kudondoka, Mangaka ikagawanyika.
Haikuwa kwa mpira, wala kwa mke wa mtu:
nchi iliwauliza wenyewe
kama itoke kwenye Jumuiya au ibaki.
Alama ya vema moja, basi.
Nami nina cherehani moja, ya miguu,
barazani kwa Nantumbu, jirani na mashine ya kusaga.

Asubuhi akaja Chilumba, wa Tutoke.
"Vitambaa vya kichwa arobaini,
na bango la kuvuka barabara."
Hakuketi. Alinihutubia kana kwamba mimi ni watu mia:
korosho za ng'ambo huvushwa usiku,
hulala kwenye maghala yetu, huamka na majina yetu,
na siku ya mnada daraja linashuka, bei inalifuata,
mwenye shamba anabaki na stakabadhi na deni la salfa.
Sikumbishia. Mume wangu alipuliza salfa msimu mzima,
tukapata mabati saba.

Adhuhuri akaja Somoe Namahala, wa Tubaki.
Naye arobaini. Naye bango,
"lipite la Chilumba, hata kwa shubiri."
Yeye huuza chumvi na sabuni Mtambaswala,
na mjomba aliyemlea kazikwa upande wa pili wa Ruvuma.
"Wakifunga, mwanangu, nikapange foleni
niombe kibali cha kwenda kwenye hitima?"
Naye sikumbishia.

Nikakata marekani, jora moja.
Rangi walipaka wenyewe: hawa kijani, hawa nyekundu.
Mkasi haukujua, uzi haukujua.
Mimi nilijua, nikakanyaga pedali.

Kisha yakaanza.
Kilabu cha uraka kilichorwa mstari wa majivu katikati.
Watani waliotukanana miaka yote wakicheka
wakatukanana bila kucheka.
Msiba wa Likwata, jeneza lilibebwa na Tutoke watupu,
Tubaki wakafuata nyuma mikono mifukoni,
na kwa kuwa Tutoke waliofika walikuwa watatu
marehemu alikwenda ameinama.
Nyumbani, mume wangu akasukuma sahani ya ming'oko
ya mama yangu. Imechimbwa na Tubaki, alisema.
Saa nne usiku nilimsikia jikoni, anatafuta.

Usingizi ulinikataa, nikawaza neno.
Kiswahili kimetupa daraja moja kwa mambo mawili:
daraja la korosho, na daraja la mto.
Chilumba analilia la kwanza, Somoe la pili,
na wakipaza sauti sokoni, "Daraja! Daraja letu!"
mgeni angedhani wanaitikiana.

Kura zilihesabiwa shuleni kwa tochi za simu.
Kwetu walishinda Tubaki, kwa kura kumi na tisa.
Nchi nzima wakashinda Tutoke, kwa wembamba wa uzi.
Kwa hiyo usiku mmoja kila upande ulipiga vigelegele,
na asubuhi kila upande ulinuna.
Mimi je? Msiniulize. Kidole changu kilikuwa na wino,
na wino ule ulikuwa wa kila mtu.

Wiki ya tatu nikaenda kudai changu.
Chilumba: "Tumeshinda, dada, ila ushindi haujaingiza kitu."
Somoe: "Tumeshindwa, mwanangu, nikulipe nini?"
Ndilo jambo la kwanza walilokubaliana
tangu mabibo yaanze kudondoka.

Zipu zangu hutoka ng'ambo, pakiti ya hamsini.
Ziko Mtambaswala, kwenye boksi lililofungwa kamba,
zinangoja fomu ambayo haijachapwa.
Jana mjukuu wa Nantumbu ameleta kaptula ya shule.
Nimeitia vifungo viwili, kimoja cheusi,
kimoja cha koti la marehemu baba,
nikamwambia atembee tu, asikimbie,
mpaka wakubwa wamalize kuandika.