Gozi Moja

Msimu ule ulikuwa na timu sita na mpira mmoja.
Timu zilikuwa za wenyewe. Mpira ulikuwa wangu
tangu Jumapili hadi Ijumaa, juu ya benchi langu,
Mtaa wa Swahili, mlango wa tatu kutoka kisimani.

Sikuona mechi hata moja.
Jumamosi alasiri ndiyo saa ya viatu vya makarani,
visigino vimelika, vinatakiwa kabla ya magharibi,
na mtu mwenye watoto watano hafungi duka
ati akatazame wanaume wakigombea hewa iliyofungwa.
Lakini matokeo niulize mimi.

Feruzi, mwandishi wa ligi, alikuja nao kwapani
kama kuku mgonjwa. Hakusema neno.
Nikaugeuza, nikaupapasa.
"Reli wamefungwa."
"Nani kakupa habari?"
Hawa hapa: misumari ya viatu vya Wagoa wa Posta,
mashimo manne, yote ubavu mmoja.
Reli walicheza pekupeku. Mguu mtupu hautoboi,
mguu mtupu unasugua, unaacha ngozi ikimeta.
Siku waliposhinda, niliweza kujiona ndani yake.

Wiki ya tatu, masika. Mnazi Mmoja pakawa bwawa,
gozi likarudi na uzito wa mtoto wa miezi minne.
Kwenye kamba, pale ninapolifunga mdomo,
unywele mmoja. Na damu kavu, kidogo tu, kama kutu.
"Kondo," alisema Feruzi. "Kaupiga kichwa. Goli.
Alianguka kabla mpira haujaingia."
Tangu siku ile fundo nililizamisha ndani.
Hakuna aliyegundua. Hakuna paji lililochanika tena.
Hilo ndilo goli langu, na daftarini halimo.

Kisha uvumi: kibofu cha ndani ni cha nguruwe.
Vijana wa Kisutu wakagoma, wakaketi mstarini.
Refa, bwana mdogo wa Forodha,
akapuliza kipenga mpaka mate yakamkauka.
Wakaja kwangu kundi zima, na mwalimu wao wa chuoni.
Nikafungua kamba mbele yao, nikatoa kibofu,
nikamwekea mwalimu mkononi.
Akanusa. Akanusa tena.
"Ndani ya mpira," akatangaza, "mna mpira."
Mtaa ukacheka hadi akacheka mwenyewe.
Jumamosi iliyofuata walifungwa matano;
huenda ule uvumi walikuwa wameupenda.

Ngozi ikaniishia. Nikapasua tandiko la farasi
la Mdachi aliyeondoka bila kuliulizia,
nikakata kiraka. Muhuri wa tai ukabaki ubavuni.
Refa aliuona, akakunja uso,
akataka nigeuze kiraka ndani nje. Nikageuza.
Basi tai akamaliza msimu gizani,
akizunguka pamoja na pumzi zetu,
na watu wakampiga mateke bila kujua.

Nilianza kulipwa kwa rupia.
Katikati nikaambiwa rupia imekufa.
Nikamaliza kwa shilingi. Mshono ni uleule.

Fainali nilizisikia kelele tu, mkononi nina kiatu cha mtu:
ya kwanza ndefu,
ya pili fupi, imekatwa,
kama mtu aliyezibwa mdomo.
Kikombe wakapewa Polisi.
Feruzi alileta gozi usiku, limepasuka mshono hadi mshono.
"Tupa," alisema, akaketi kizingitini, hakuondoka upesi.

Sikutupa.
Mwaka uliofuata ulishuka mpira mpya melini,
unanukia mafuta, fundo lake nje.
Nilimtuma mwanangu akawaambie. Hawakumsikiliza.

Mwezi wa Rajabu Kondo alikuja kutaka makubadhi ya harusi,
kovu lake jeupe, dogo, kama punje ya mchele.
Nilijua ngozi ya kukata.
Akayavaa, akatembea hadi kisimani na kurudi,
watoto nyuma yake wakihesabu hatua.
"Yanabana kidogo," alisema.
Nikamwambia yatalegea.