Kibanio

Kabla ya bomba, kibanio.
Hapo Nyevu halegezi. Dereva apige honi,
aape kwa mamake kwamba anasubiriwa Voi,
kwanza shaba iume chuma,
waya ushuke mpaka kwenye udongo wa Shimanzi,
ndipo petroli ifunguliwe.

Maana kimiminika hakipiti bure.
Kikigusa ukuta wa bomba, kufumba na kufumbua,
kitu kinahama, elektroni hapa, elektroni pale,
kama chenji ya shilingi iliyosahaulika dukani.
Ukuta unabaki na chake,
petroli inaondoka na deni,
lita elfu thelathini za deni,
na hakuna jicho lililoshuhudia.

Mkigusana hamjui.
Mkiachana ndipo hujulikana nani alichukua.

Madereva humtania: wewe jina lako ni unyevu uliokatwa kichwa,
umeme hauwezi kukukalia!
Hucheka nao. Kisha hukagua meno ya kibanio, rangi isizuie,
kutu isizuie.

Siku ya Mbaruku kilining'inia hewani.
Cheche haikuzidi punje ya mtama.
Zaidi ya hapo hasimulii.
Huvuta tu mkono wa shati
ufunike kiwiko.

Usiku, Magongo, anamwogesha Kadzo
kwenye beseni la plastiki.
Maji yamemwagwa, tone moja limegoma ukingoni.
"Mbona halianguki?"
Nyevu anajua nusu ya jibu.
Analigusa kwa kidole,
nalo, bila kelele,
linamhamia.