Mwanamke wa Dashibodi

Baba alinunua gari lililokwisha kuchokea Nagoya,
usukani upande wa kulia, katika nchi ambayo magari yote
usukani ungefaa uwe kushoto. Ili kulipita lori
mama hutoa kichwa dirishani, upepo umemng'ang'ania kilemba,
akasema: Sasa. Au: Bado, Dambadarjaa, unataka tufe?
Hivyo ndivyo nilivyojua ndoa ni kitu gani.

Kila akiliwasha, sauti ya mwanamke ilitoka dashibodini,
laini, yenye adabu, Kijapani kitupu,
maneno yale yale asubuhi ya barafu
na asubuhi ya nyasi mbichi.
Baba alivua kofia. "Ndiyo, dada," alimjibu.
Alisema ni dua ya safari; Wajapani, alisema,
hawaundi kitu wasikiombee.
Na bibi alinyunyiza maziwa kwenye magurudumu
kama alivyonyunyizia kwato za farasi,
tukaondoka tumebarikiwa mara mbili.

Kwetu kila mtu ana lake juu ya magari.
Mjomba Purevsuren: farasi, ukilewa, anakufikisha nyumbani;
pikipiki inakufikisha mtaroni.
Lakini ni yeye anayechunga mbuzi kwa droni,
amelala chali, kiko mdomoni,
na mbwa aliyeachishwa kazi
anabwekea mawingu.

Bibi: gari limeua ugeni.
Zamani mgeni alilegeza tandiko; farasi akila,
naye alikula, akalala, akakoroma,
hata tukajua habari za mabonde matatu.
Leo anakunywa chai wima, injini inanguruma nje,
anasema, nitakupigia. Na kweli anapiga.
Simu haina harufu ya mtu, asema bibi,
na jioni utamwona juu ya kilima chenye mtandao,
mkono hewani kama anayepima mvua,
anamtafuta dada yangu Ulaanbaatar,
naye dada yumo ndani ya foleni,
saa mbili, hatua mia,
keshapaka rangi kucha za mikono yote miwili.
"Ningetembea, bibi," asema. "Ila moshi."

Mimi nilipelekwa Sapporo kusoma.
Mbuzi arobaini waliuzwa.
Nilirudi usiku, nimepanda lori la makaa,
na asubuhi baba akatupakia sote,
bibi nyuma kabisa, goti lake limevimba, hasemi mengi.
"Leo," baba alisema, "utatufasiria."
Akavua kofia, akaiweka pajani. Akawasha.

*Kadi haijaingizwa*, alisema yule mwanamke.

Kadi ya kulipia barabara. Barabara za kwao,
zenye vizuizi vinavyojiinua vyenyewe.
Miaka kumi na mmoja alikuwa akituomba kadi,
bila kuchoka, bila kupandisha sauti,
katika nyika isiyo na hata lami.

Wakaningoja.
Nikafikiria mbuzi arobaini, mmoja mmoja,
na yule mweupe mwenye pembe moja, aliyekuwa wangu.
"Anasema," nikasema,
"kuna kitu hatujakiweka."

Kimya. Kisha bibi akapiga kelele nyuma yangu,
akajikongoja kutoka mlangoni, akaingia hemani,
akarudi na birika na kijiko cha mbao.
Alikuwa amesahau. Mara ya kwanza maishani, alisahau,
na hakuna aliyeona isipokuwa huyo mgeni wa Nagoya.
Akanyunyiza magurudumu manne,
kisha, baada ya kufikiri, akaomba buti lifunguliwe,
akanyunyiza na la akiba.

Baba akazima, akawasha tena.
Mwanamke akarudia neno lake, vile vile,
kwa adabu ile ile.

"Na sasa anasemaje?"

Maziwa yalikuwa yakiganda kwenye mpira.
"Anasema twende," nikasema,
na mama akatoa kichwa nje
kutazama kama kuna lori.